MASOMO YA MFANYAKAZI: Ubongo wa Mizani na Ubongo wa Ofisini



Katika mikutano ya matawi tumekuwa tukisikia jibu moja kila mara mfanyakazi anapolalamika juu ya kilo zake, saa zake au makato yake. Karani anainua mabega na kusema, "Ni kompyuta." Basi, shauri limekwisha. Mchuma chai anarudi shambani, fundi anarudi kwenye mashine yake, na hakuna aliyeuliza: kompyuta ipi? Iko wapi? Nani aliyeiambia ifanye hivyo?

Somo letu la safari hii ni la kujibu maswali hayo. Tutaeleza vitu viwili ambavyo watu wengi, pamoja na baadhi ya wakuu wa kazi, huvichanganya: maikroprosesa na maikrokontrola. Majina ni magumu lakini msiyaogope. Mtu aliyejifunza kutunza boila au kufunga mota ya nguvu za farasi 20 hashindwi na haya. Tutaanza na jambo lililotokea, kwa sababu sisi wenyewe tulijifunza kwa kuumia kabla ya kujifunza kwa kusoma.

Katika shamba moja la chai, ambalo hatutalitaja jina, mizani ya zamani ya mshale iliondolewa ikaletwa mizani ya elektroniki yenye namba nyekundu. Inatundikwa kwenye banda la kupimia, inatumia betri, na kila ikipima inachapa kikaratasi. Tulifurahi. Mshale wa zamani karani aliusoma peke yake kutoka upande wake, lakini namba nyekundu kila mtu anaiona. Baada ya mwezi wa kwanza malipo yalipungua. Watu wakasema ni kiangazi, majani yamekuwa mepesi. Mwezi wa pili mvua ikanyesha, na malipo yakabaki chini vile vile. Tulipokwenda ofisini tukapewa lile jibu.

Aliyefumbua fumbo ni mama mmoja mchumaji ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Alituuliza, "Kabla hatujatundika kikapu, mizani haina kitu. Mbona inaandika mbili, tena ina kamstari mbele yake?" Sote tulikuwa tumeiona ile -2.0 kila asubuhi, na hakuna aliyeijali. Tutairudia, kwa maana bila kujua kilichomo ndani ya mizani hatungeweza kuieleza.

Mpishi wa hoteli na mama wa chai

Maikroprosesa ni ubongo mtupu. Ni kipande cha silikoni kidogo kama ukucha, chenye transista nyingi mno ndani yake. Kazi yake ni kuchukua amri moja, kuitekeleza, kisha kuchukua inayofuata: jumlisha, linganisha, hamisha, ruka uende amri ya mbele. Hufanya hivyo mara mamilioni kwa sekunde moja. Lakini ukiichukua peke yake ukaiweka mezani na kuipa umeme, haitakufanyia kitu. Inahitaji kumbukumbu ya kuwekea kazi iliyo mkononi, ghala ya kuhifadhia programu na faili umeme unapozimika, na vipande vingine vya kuiunganisha na kiandikio, kioo na printa. Vyote hivyo hukaa nje yake, kwenye ubao wenye njia za shaba.

Maikrokontrola nayo ina ubongo, tena wa namna ile ile, ila mara nyingi ni mdogo na wa polepole zaidi. Tofauti ni kwamba katika kipande hicho hicho kimoja wameweka pia programu yake, kumbukumbu yake, visaa vya kuhesabia muda, na miguu ya kuigusa dunia: huu unasoma swichi, ule unawasha taa, mwingine unapokea umeme wa kipimajoto na kuugeuza kuwa namba. Ipe betri tu, inaanza kazi.

Fikirini mpishi wa hoteli kubwa. Anaweza kupika chochote: leo pilau, kesho samaki, keshokutwa chakula cha Wahindi au cha Wazungu. Lakini ana haja ya stoo, jokofu, wasaidizi na wahudumu wa kupeleka sahani. Mfungie stoo, atakaa bure. Sasa mfikirini mama wa chai aliye kando ya lango la kiwanda. Jiko, birika, maji, sukari na vikombe vyote viko mahali ambapo mkono wake unafika bila kusimama. Hapiki pilau. Lakini saa kumi na moja alfajiri, wakati hoteli haijafungua mlango, yeye keshakupa kikombe cha moto. Wa kwanza ni maikroprosesa, wa pili ni maikrokontrola. Mfano huu una kasoro moja: mama wa chai akitaka anaweza kuanza kuuza maandazi kesho. Maikrokontrola ya mizani haiwezi kuanza jambo jipya mpaka mtu mwenye vyombo vyake aje kuibadilisha programu.

Zilikotoka

Hazikuja mbali mbali sana. Maikroprosesa ya kwanza kuuzwa sokoni kama kipande kimoja ilikuwa 4004 ya kampuni ya Intel ya Marekani, mwaka 1971. Ilianza kama oda ya Busicom, kampuni ya Japani iliyotaka kutengeneza mashine za hesabu za ofisini, na ilikuwa na transista 2,300 hivi. Wakati huo huo wahandisi wa Texas Instruments walikuwa wakijaribu kuitia mashine nzima ya hesabu katika kipande kimoja, na katika ukoo wa kazi hiyo ikatoka TMS1000, iliyouzwa kwa viwanda vingine kuanzia mwaka 1974. Mwaka 1980 Intel ikatoa maikrokontrola yake mashuhuri, 8051. Ilikuwa na nafasi ya programu ya baiti 4,096, kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu, visaa viwili na njia 32 za kuingia na kutoka. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja, kwa hiyo zile baiti 128 ni kama mistari miwili ya ukurasa huu. Hata hivyo vipande vya ukoo wa 8051 vinatengenezwa mpaka leo, kwa sababu kazi nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Kuna mfano mmoja tunaoupenda. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo kompyuta nyingi za ofisini za leo ni wajukuu zake, ilikuwa na zote mbili. Ndani ya sanduku kuu ilikaa maikroprosesa 8088 iliyoendesha hesabu na barua. Ndani ya kiandikio, chini ya vitufe, ilikaa maikrokontrola ndogo 8048. Kazi yake ilikuwa kuangalia kitufe gani kimebonyezwa, kisha kupeleka habari kwa mkubwa wake. Karani aliyekuwa akipiga chapa alidhani anatumia kompyuta moja, kumbe ziko mbili.

Leo ofisi ya kawaida ina kompyuta yenye kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8. Maikrokontrola moja inayotumika sana, ATmega328, ina kilobaiti 2. Yaani ya ofisini ni zaidi ya mara milioni nne. Msicheke ile ndogo. Kompyuta ya ofisini hula wati nyingi, inahitaji feni ya kuipoza, na umeme ukikatika inaanza upya kwa kusuasua. Ndogo huanza kabla hujapepesa macho, na kati ya kipimo kimoja na kingine inaweza kulala usingizi unaotumia umeme kidogo mno. Ndiyo maana mizani inaweza kufanya kazi mlimani pasipo nguzo ya umeme.

Tukumbuke pia kwamba si kila mashine mpya ina ubongo. Mashine nyingi za mkono za kukatia chai ni injini ya petroli na visu tu. Mtu asitutishe kwa neno "teknolojia" mahali ambapo pana plagi na kabureta.

Tufungue mizani

Ndani ya mizani ya elektroniki kuna kipande cha chuma kinachobeba mzigo. Ukitundika kikapu, chuma hicho kinapinda kidogo sana, jicho halioni. Juu yake vimebandikwa vinyuzi vyembamba ambavyo vikivutwa hupitisha umeme kwa namna tofauti. Tofauti hiyo ni ndogo, vijisehemu vya volti, lakini kuna kigeuzi kinachoigeuza kuwa namba. Hapo ndipo maikrokontrola inapoichukua namba hiyo na kuifanyia hesabu tatu. Kwanza huondoa ile namba ya mizani tupu. Pili huzidisha kwa kipimo kilichowekwa siku mizani ilipopimwa kwa mawe ya serikali. Tatu huondoa uzito wa chombo, ikiwa mtu ameiambia kuna chombo. Kisha huandika jibu.

Tazameni vizuri: mikono mitatu tofauti imegusa jibu hilo. Programu yenyewe iliandikwa na kiwanda kilichotengeneza mizani, mbali na hapa, na kwa kawaida imefungwa ndani ya kipande. Karani wa shamba hawezi kuigusa hata akitaka. Kile kipimo cha kuzidishia kimewekwa na fundi mbele ya mkaguzi wa vipimo, kisha pakapigwa lakiri. Mizani nyingi zilizoidhinishwa kwa biashara zina hesabu ndani inayopanda kila kipimo hicho kinapobadilishwa, ili mkaguzi ajue. Lakini uzito wa chombo unawekwa kwa kitufe cha mbele, na yeyote mwenye kidole anaweza kuuweka. Lakiri haiuzuii.

Sasa ile -2.0 inaeleweka. Mizani ilikuwa imeambiwa kwamba kila mzigo una chombo cha kilo 2. Isipokuwa na mzigo, inatoa mbili kwenye sifuri, inapata mbili yenye kistari. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inatii.

Hatukutaka kwenda ofisini na maneno matupu. Tulinunua pakiti 20 za sukari za kilo moja moja, tukazipima kwanza dukani kwenye mizani iliyokaguliwa. Tukatundika 10: mizani ikasema 8.0. Tukatundika 20: ikasema 18.0. Jambo hili kila mwakilishi alishike. Kosa likiwa lile lile, mbili na mbili, mzigo ukiwa mdogo au mkubwa, basi kuna kitu kimetolewa juu ya kila mzigo. Lakini kama ingesema 9.0 na kisha 18.0, yaani kosa linakua pamoja na mzigo, basi kipimo cha kuzidishia kimeharibika, na hapo anaitwa mkaguzi wa vipimo. Na kama namba zinarukaruka bila utaratibu, tafuteni betri iliyochoka, unyevu, au chuma kilichogongwa.

Kumbe na ofisini

Mkataba wetu wa pamoja ulikubali makato ya kilo 2 kwa kila kipimo, kwa ajili ya kikapu na umande. Meneja alituonyesha ukurasa huo kwa furaha. "Mnalalamika nini? Mbili ni zenu wenyewe mlizozikubali." Tulikuwa karibu kuondoka na aibu yetu. Ndipo mwenzetu mmoja akatoa vikaratasi vya mizani alivyovitunza kwenye kopo, tukavilinganisha na orodha ya malipo. Kikaratasi kilisema 23.0. Orodha ya malipo, siku hiyo hiyo, kipimo hicho hicho, ilisema 21.0.

Mzigo wa kweli ulikuwa kilo 25. Mizani ilikata mbili. Kisha karani akaandika 23 katika kompyuta ya ofisini, na programu ya malipo, ambayo iliandikwa zamani wakati wa mizani ya mshale, ikakata mbili tena. Mbili za mkataba zilikatwa mara mbili. Mchumaji anapima mara tatu kwa siku: hizo ni kilo 6 zilizopotea kila siku, na katika siku 26 za kazi ni kilo 156 kwa mtu mmoja.

Je, ulikuwa wizi? Hatukuweza kuthibitisha hivyo, wala hatukusema. Tunavyoamini sisi, fundi aliyeleta mizani aliambiwa aweke makato ya mkataba, akaweka, na hakuna aliyekwenda kumwambia mwenye programu ya ofisini. Lakini kosa ambalo hutokea daima upande mmoja, na ambalo mwenye faida hana haraka ya kulitafuta, halihitaji mwizi ili liwe na madhara.

Hapa tofauti ya ubongo hizi mbili iligeuka kuwa tofauti ya ushahidi. Kompyuta ya ofisini ina ghala kubwa, kila kipimo cha kila mtu kimo humo kwa tarehe, na tulipodai ilichapwa yote kwa mchana mmoja. Mizani ile haikumbuki kitu. Maikrokontrola yake ina nafasi ya programu yake na mipangilio michache. Ikishapima kikapu chako na kukichapa, imekisahau. Lau mtu angebonyeza kitufe jioni ile akaondoa zile mbili, pasingebaki alama ndani ya mizani. Shahidi pekee alikuwa kikaratasi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyefundishwa kuyasoma, kila kikaratasi tangu siku ya kwanza kilikuwa kimeandika PT 2.0. Herufi hizo maana yake ni uzito wa chombo uliowekwa mapema. Na mbele ya mizani kulikuwa na kitaa kidogo chenye neno NET, kikiwaka saa zote, kikisema wazi kwamba kuna kitu kimekwisha kutolewa.

Wenzetu wengi walikuwa wamewashia moto vikaratasi vyao.

Kiwandani

Wenzetu wa kiwandani wasidhani somo hili ni la wachumaji. Kwenye kikaushio cha chai, kwenye boila, kwenye mashine ya kufungia, mara nyingi mtakuta sanduku lenye safu za skrubu na taa ndogo za kijani, ambalo mafundi huliita PLC. Lilizaliwa kutokana na haja ya kampuni ya magari ya General Motors, iliyotaka mwaka 1968 kitu cha kuondoa makabati ya relei. La Modicon, lililoitwa 084, lilikuwa tayari mwaka 1969, kabla maikroprosesa hazijauzwa. Leo ndani yake mna moja ya hizi mbili, na kazi yake ni ile ya maikrokontrola: kuangalia swichi na joto, kuamua, kuwasha mota, na kuanza tena usiku kucha.

Kuna kitu kizuri katika maikrokontrola nyingi ambacho walinzi wetu watakielewa mara moja. Katika mashamba ya zamani askari wa usiku alilazimika kupiga chuma kila saa. Msimamizi akiwa kitandani akasikia kimya, alijua askari amelala, akatoka na tochi. Ndani ya maikrokontrola kuna kisaa cha namna hiyo. Programu lazima ikiguse kila baada ya muda mfupi. Programu ikikwama, kisaa kinasikia kimya, na kinaianzisha upya bila kumwuliza mtu.

Ni kizuri, lakini kina hatari yake. Mashine iliyokwama ikianzishwa upya inaweza kuanza kuzunguka wakati mkono wa mtu umo ndani. Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja: kitufe chekundu cha kusimamisha mashine lazima kikate nguvu ya mota chenyewe kwa waya wake, au kwa mfumo wa usalama uliotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Kisipeleke maombi tu kwa programu ya kawaida. Mwulizeni fundi wa umeme wa zamu: "Ubongo ukifa, kitufe hiki kitasimamisha mota?" Akisita, lipelekeni jambo hilo katika kamati ya usalama wiki hiyo hiyo. Na kabla ya kuingiza mkono, zimeni swichi kuu na mfunge kufuli yenu. Taa za sanduku zikizimika si dhamana.

Mambo haya wenzetu wa nchi nyingine waliyaona mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway kilifanya kazi pamoja na mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard, si ili wanachama wawe wahandisi, bali ili waweze kuuliza. Mwaka 1975 shirikisho la vyama na shirikisho la waajiri la nchi hiyo wakatia sahihi mkataba wa taifa juu ya kompyuta kazini, na wafanyakazi wakapata kuchagua wawakilishi wao wa mambo hayo.

Katika shamba tulilolieleza, mambo matatu yameingia katika maandishi. Makato yanafanywa mahali pamoja tu, katika programu ya ofisini, na yanaonekana kwenye karatasi ya malipo. Mizani inaonyesha uzito mzima. Mipangilio ya mizani haibadilishwi mpaka mwakilishi wa chama asimame pale na kuandika tarehe. Na jiwe la kilo 20 lililokaguliwa linakaa bandani. Kila asubuhi, kabla ya kikapu cha kwanza, mizani lazima isome 0.0 ikiwa tupu na 20.0 ikiwa na jiwe. Anayelitundika ni mchumaji mwenyewe kwa zamu, na yule mama wa kamstari ndiye aliyeanza.

Kilo za mwezi wa kwanza na wa pili zimelipwa. Za wiki tatu za mwezi wa tatu, kabla kitufe hakijabonyezwa, bado tunazidai, na mwenye kikaratasi cha wiki hizo akilete kwa katibu wa tawi lake.